Tiketi ya maegesho binafsi Uingereza: namna ya kujitetea kampuni ikikupeleka mahakama ya kaunti

Kesi za tiketi za maegesho binafsi zinaishi kwa kimya cha mdaiwa. Kampuni zinafungua madai kwa wingi, kupitia mfumo wa kompyuta, zikijua kwamba baadhi ya watu wataogopa na kulipa, na wengine wataiweka bahasha juu ya friji hadi muda upite. Hao wa pili hupata hukumu ambayo hakuna jaji aliyesikiliza hoja zake wala shahidi aliyeulizwa swali. Ukijibu kwa wakati, mzigo unahamia upande wa pili: sasa kampuni lazima ithibitishe madai yake, ilipe ada ya kusikilizwa kwa shauri, na itume mtu mahakamani. Nyingi hujitoa kabla ya kufika huko.

Ndiyo maana hapa nimetilia tarehe mkazo kuliko ufundi wa sheria. Utaratibu huu ni wa England na Wales tu. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina mahakama na sheria zao.

Jua kwanza nani anakudai

Herufi PCN hutumika kwa vitu viwili tofauti, na kampuni binafsi hazina haraka ya kukuondolea utata huo. Halmashauri ikitoa Penalty Charge Notice, hiyo ni adhabu ya kisheria yenye njia yake ya rufaa, na mwongozo huu hauihusu. Kampuni binafsi inatoa Parking Charge Notice, ambayo kimsingi ni ankara: inadai kwamba aliyeegesha alivunja mkataba ulioandikwa kwenye vibao. Si jinai. Haiongezi pointi kwenye leseni, na polisi hawana habari nayo.

Mkanganyiko mwingine unatokana na mji wa Northampton. Traffic Enforcement Centre, kinachoshughulikia tiketi za halmashauri zisizolipwa, kipo huko, na Civil National Business Centre, kinachopokea madai ya kampuni binafsi, nacho kipo huko huko. Soma kichwa cha karatasi, usiangalie muhuri wa posta tu. Ukiona jina la kampuni kama mdai, jina lako kama mdaiwa, na namba ya shauri yenye herufi na tarakimu, basi hiyo ni hati ya madai, na mwongozo huu ni wako.

Kabla ya hati hiyo huenda ulipokea mfululizo wa barua za wakusanya madeni, zenye maandishi mekundu na vitisho. Hao si madalali wa mahakama. Hawawezi kuingia kwako, hawawezi kuchukua gari, na barua zao peke yake haziwezi kugusa rekodi yako ya mikopo. Zihifadhi bila kuzijibu.

Barua isiyopuuzwa ni ile yenye kichwa Letter of Claim au Letter Before Claim, yaani onyo kabla ya kufungua madai mahakamani. Kwa utaratibu wa madai ya madeni ulioanza Oktoba 2017, unapewa siku 30 za kujibu. Jibu kwamba hulikubali deni, omba picha zote walizonazo, notisi walizotuma, ushahidi wa mamlaka yao kutoka kwa mwenye ardhi, na mchanganuo wa kila pauni wanayodai. Wakati huo huo mwandikie mwenye eneo lenyewe: meneja wa duka, wakala wa jengo, ofisi ya zahanati. Ukiwa na risiti ya manunuzi au barua ya miadi, iambatanishe. Watu wengi hawajui kwamba mwenye ardhi anaweza kuiambia kampuni aliyoiajiri iifute tiketi, na anaweza kufanya hivyo hata kesi ikiwa imeshafunguliwa. Ni njia isiyo na gharama, na mimi ningeijaribu kwanza.

Hesabu siku zako leo hii

Hati ya madai ina tarehe ya kutolewa, juu upande wa kulia. Sheria inachukulia kwamba imekufikia siku 5 baada ya tarehe hiyo, hata kama posta ilichelewa. Kuanzia hapo una siku 14 za kujibu. Ndani ya siku hizo, ukiiarifu mahakama kwamba umepokea madai na unakusudia kujitetea, muda wa kuleta utetezi unakuwa siku 28 tangu kufikiwa.

Tuseme hati imetolewa tarehe 3 Machi. Unahesabiwa kuwa umeipata tarehe 8 Machi. Taarifa ya kupokea inatakiwa kufika kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 22 Machi, na utetezi usipite tarehe 5 Aprili. Kwa kifupi, siku 19 na siku 33 kutoka tarehe iliyochapishwa. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya simu, kisha jiwekee kengele siku kadhaa kabla. Usingoje siku ya mwisho. Mfumo wa mahakama ukigoma siku hiyo, ni shida yako.

Kama hati yako inaeleza muda tofauti au inakuelekeza kwenye tovuti nyingine ya kujibia, fuata hati yako. Serikali inaendelea kuhamisha madai kwenye mifumo mipya, na si kila mtu anapata karatasi ileile.

Taarifa ya kupokea madai

Hii inaitwa Acknowledgment of Service. Kwa madai mengi inafanyika kwenye tovuti ya Money Claim Online, kwa kutumia namba ya shauri na nywila iliyochapishwa kwenye hati. Dakika chache zinatosha. Chagua kwamba unapinga madai yote. Usiweke alama kwenye kisanduku cha kupinga mamlaka ya mahakama; hicho ni kwa watu wanaodai kwamba mahakama ya England na Wales haina uwezo wa kusikiliza shauri lao, na ukikiweka bila sababu unajifungulia mlango usiouhitaji. Usiandike utetezi wowote hapo. Kisanduku cha utetezi kiache kitupu hadi utakapokuwa tayari, kwa maana ukiandika neno moja na kubonyeza, huenda hilo likawa ndilo utetezi wako.

Wakati unasubiri, kusanya

Tuma kwa kampuni ya maegesho ombi la taarifa zako binafsi, Subject Access Request, kwa barua pepe ya afisa wao wa data, ambayo kawaida ipo kwenye sera ya faragha ya tovuti yao. Ni bure, na wana mwezi mmoja wa kujibu. Omba picha zote za gari, nakala za notisi na barua zote, rekodi ya malipo kwenye mashine kwa namba yako ya gari na zinazofanana nayo siku hiyo, na kumbukumbu za mawasiliano. Rekodi ya mashine mara nyingine ndiyo inayoimaliza kesi: mtu alilipa, ila aliandika herufi O badala ya sifuri. Kanuni za vyama vya kampuni zenyewe zinataka makosa madogo ya aina hiyo yafutwe mtu akikata rufaa.

Kisha nenda eneo lenyewe, au mwombe ndugu anayeishi karibu. Piga picha kutoka kwenye kiti cha dereva, si ukiwa umesimama mbele ya kibao. Je, unapoingia unaona nini? Kiasi cha tozo kimeandikwa kwa herufi kubwa au kimefichwa kwenye aya ya mwisho? Kama tukio lilikuwa usiku, rudi usiku. Kibao kinachong'aa mchana mara nyingi hakionekani kabisa saa tatu usiku mwezi wa Desemba. Kwa tukio la zamani, picha za mtaa za Google zina kumbukumbu za miaka iliyopita. Unaweza kuona vibao vilivyokuwepo wakati ule.

Tafuta pia mkataba wako wa nyumba ikiwa uliegesha unapoishi, taarifa za benki, risiti, ujumbe wa programu ya kulipia, tiketi ya ndege ya mgeni uliyekwenda kumpokea.

Hoja zenye uzito

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kunakili hoja kutoka kila mahali hadi utetezi unakuwa kurasa ishirini zisizomhusu mtu yeyote. Chagua zinazolingana na tukio lako.

Anza na swali la nani anadaiwa. Mkataba wa maegesho ni kati ya kampuni na dereva. Kampuni haimjui dereva, inalipa £2.50 kwa DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, na kupewa jina la mtunza gari, yaani yule aliyeandikwa kwenye V5C, hati ya usajili wa gari. Mtunza gari anaweza kudaiwa badala ya dereva ikiwa tu kampuni imetimiza masharti ya Jedwali la 4 la Protection of Freedoms Act ya 2012, sheria ileile iliyopiga marufuku kufunga magari minyororo kwenye ardhi binafsi. Pale ambapo kamera ndiyo iliyonasa gari na hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, notisi lazima imfikie mtunza gari ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata tukio. Barua inachukuliwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, hivyo linganisha tarehe ya barua na tarehe ya tukio kwa makini. Kama karatasi ilibandikwa kwenye gari, notisi ya posta inatakiwa kufika kati ya siku ya 29 na ya 56. Ikichelewa, au ikikosa maelezo ambayo sheria inayataka, mtunza gari hadaiwi. Wanabaki na dereva, wakijua ni nani.

Jedwali hilo pia halihusu ardhi iliyo chini ya udhibiti wa sheria nyingine. Viwanja vya ndege na stesheni za reli vyenye sheria ndogo zao ndio mfano mkubwa. Ukipata tiketi baada ya kumpokea mama aliyetua Heathrow kutoka Nairobi, swali la kwanza ni kama sehemu hiyo iko chini ya sheria ndogo za kiwanja. Ikiwa ndivyo, mtunza gari hawezi kubanwa kwa Jedwali la 4.

Hulazimiki kumtaja dereva kwa kampuni. Lakini kuna mpaka ambao sitaki uuvuke: usiseme hukuwa dereva kama ulikuwa wewe. Utetezi unasainiwa kwa tamko la ukweli, na uongo ndani yake ni kudharau mahakama. Mbele ya jaji unaweza kuulizwa moja kwa moja, na pale hakuna jibu ila la kweli. Ikiwa wewe ndiye uliyeendesha na kila mtu anajua, acha hoja hii, nenda kwa nyingine.

Vibao. Bila kibao kinachosomeka hakuna mkataba, na bila mkataba hakuna deni. Katika kesi ya Vine dhidi ya Waltham Forest, Mahakama ya Rufaa mwaka 2000 ilimpa ushindi dereva ambaye hakuona onyo lililowekwa mahali pasipoonekana kutoka alipoegesha. Upande wa kampuni watakuja na kesi yao wanayoipenda, ParkingEye dhidi ya Beavis, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza Novemba 2015. Bwana Beavis aliegesha Chelmsford, kwenye eneo la maduka lenye saa mbili za bure, akapitiliza kwa dakika 56. Majaji sita kati ya saba walisema £85 ilikuwa halali, kwa kuwa kampuni ilikuwa na maslahi halali ya kuhakikisha nafasi zinapatikana, na kwa kuwa vibao vilikuwa vingi, vikubwa na vya wazi.

Isome hukumu hiyo kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, inakusaidia: kama vibao vyako ni vidogo, vimefichwa na mti, au havitaji kiasi kwa uwazi, kesi yako si ya Beavis. Kwa jicho la pili, inakuonya. Ukipitiliza saa nzima kwenye eneo lenye vibao bora, notisi ikafika kwa wakati, na huna sababu yoyote, basi ushauri wangu ni kwamba ulipe mapema, kabla ya ada za mahakama kuongezeka. Kupigana kwa hasira tu ni ghali.

Dakika chache za ziada ni hoja nzuri. Kanuni ya pamoja ya vyama viwili vya sekta hii, BPA na IPC, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inatoa dakika 10 za kuondoka baada ya muda ulioruhusiwa, na kabla ya hapo muda wa kusoma vibao na kuamua kama utakaa. Kamera za mlangoni hupima muda gari lilipoingia na kutoka, si muda liliposimama. Kuzunguka kutafuta nafasi, foleni ya kutoka Jumamosi mchana, mtoto wa kufungwa mkanda: vyote vimo ndani ya dakika wanazokudai.

Nyumbani kwako, mkataba wa kupanga una nguvu. Ikiwa unakupa haki ya kuegesha bila kutaja kibali, kampuni iliyoletwa baadaye haiwezi kuifuta haki hiyo kwa kubandika kibao. Katika kesi ya Jopson, iliyoamuliwa Oxford mwaka 2016, jaji alisema pia kwamba kusimama mlangoni kushusha mizigo si kuegesha. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wengine, ila wanaiheshimu.

Halafu kuna madai yenyewe jinsi yalivyoandikwa. Maelezo ya madai mara nyingi ni mistari michache: tarehe, eneo, namba ya gari, na maneno ya jumla kwamba masharti yalivunjwa. Sharti lipi? Halisemwi. Mwaka 2023 huko Luton, katika kesi ya Civil Enforcement dhidi ya Chan, jaji wa rufaa wa mahakama ya kaunti alishikilia kwamba madai yasiyoeleza mdaiwa alifanya nini hasa hayatoshelezi kanuni, na yakafutwa. Kama yako ni ya namna hiyo, iweke hoja hii juu kabisa na uombe madai yafutwe.

Mwisho, ile £70. Kiwango cha juu cha tiketi kwa kanuni za vyama ni £100, lakini hati itaonyesha £170. Hiyo nyongeza inaitwa gharama za kukusanya deni. Ikiwa unadaiwa kama mtunza gari, Jedwali la 4 linasema kiwango cha juu ni kile kilichoandikwa kwenye notisi. Na katika Beavis, £85 ilikubaliwa kwa sababu ilikwisha kubeba gharama za kuendesha shughuli nzima, pamoja na barua. Kulipisha barua hizohizo mara ya pili ni jambo ambalo majaji wengi hawalifurahii. Lipinge daima, hata unapodhani utashindwa kwa mengine.

Kuandika utetezi

Utetezi unaandikwa kwa Kiingereza. Kiwelisi kinakubaliwa Wales, Kiswahili hakikubaliwi popote. Mtu akikutafsiria, hakikisha umeelewa kila sentensi, maana sahihi ni yako. Andika kwenye ukurasa wa kawaida: jina la mahakama, namba ya shauri, mdai, mdaiwa, kisha aya zenye namba. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Kwa mpangilio huu, ukiuweka kwa Kiingereza:

1. Mdaiwa anakanusha kwamba anawajibika kwa kiasi chochote kinachodaiwa.
2. Inakubaliwa kwamba mdaiwa ndiye mtunza gari aliyesajiliwa wa gari husika.
3. Maelezo ya madai hayasemi ni sharti gani lilivunjwa wala kwa namna gani, na mdaiwa anaomba yafutwe.
4. Siku hiyo dereva alilipa £3 kwenye mashine saa 4:10 asubuhi. Uthibitisho upo na utawasilishwa.
5. Notisi ilitolewa siku 21 baada ya tukio, hivyo masharti ya Jedwali la 4 hayakutimizwa na mtunza gari hawajibiki.
6. Nyongeza ya £70 inapingwa yote.

Kila tukio lina aya zake; hizi ni mfano tu. Ushahidi hauambatanishwi sasa, unasubiri zamu yake. Mwisho weka tamko la ukweli kwa maneno kamili yanayotakiwa na kanuni za mahakama, yale yanayotaja kudharau mahakama, kisha saini na tarehe. Ihifadhi kama PDF na uitume kwa barua pepe ya kituo cha Northampton iliyo kwenye hati au kwenye tovuti ya serikali, ukiandika namba ya shauri kwenye kichwa cha barua. Utapata jibu la kiotomatiki. Litunze, ndilo ushahidi wako kwamba ulituma kwa wakati.

Kimya kidogo, halafu dodoso, halafu simu

Mdai anapewa nakala na siku 28 za kusema kama anaendelea. Asiposema, shauri linasimamishwa. Mara nyingi anasema anaendelea, na mara nyingi anakuletea barua ya kukubali kiasi pungufu kama utalipa haraka. Hesabu mwenyewe kabla ya kujibu.

Kisha linakuja dodoso liitwalo N180. Kubali kwamba shauri liende kwenye njia ya madai madogo. Chagua mahakama iliyo karibu na kwako. Wewe ni mtu binafsi unayedaiwa, na shauri linahamishiwa huko. Kama mdai anaomba liamuliwe kwa karatasi bila kikao, kataa. Kuna swali kuhusu mkalimani: kama Kiingereza chako hakitoshi kujieleza mbele ya jaji, sema hapo na utaje Kiswahili. Mahakama inaweza kukupatia mkalimani ikiwa huna uwezo wa kumlipa na hakuna ndugu au rafiki anayefaa. Usimtegemee mtoto wa shule kwa kazi hiyo. Tuma dodoso mahakamani na nakala kwa mdai.

Tangu Mei 2024 madai madogo ya fedha hupelekwa kwenye usuluhishi wa lazima kwa simu, saa moja, bila malipo. Msuluhishi anazungumza na kila upande peke yake; hamkutanishwi. Lazima upokee simu hiyo, kwa sababu asiyehudhuria anaweza kuadhibiwa, hata kufutiwa utetezi wake. Lakini kuhudhuria si kukubali kulipa. Msuluhishi hatoi hukumu, na yanayosemwa hayafikishwi kwa jaji. Unaweza kusema kwa adabu kwamba ofa yako ni sifuri, na simu ikaisha kwa dakika kumi.

Maelezo ya shahidi

Baada ya hapo mahakama ya kwenu itatuma tarehe ya kikao pamoja na maagizo. Yasome mstari kwa mstari. Yatataja siku ambayo mdai lazima alipe ada ya kikao, na siku ya kubadilishana ushahidi, mara nyingi siku 14 kabla. Siku ya ada ikipita, piga simu mahakamani uulize kama imelipwa. Hapa ndipo wadai wengi huacha, na utapokea fomu N279 ya kuondoa madai. Usipopokea, endelea kujiandaa kama kawaida.

Maelezo ya shahidi ni hadithi yako mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, ikiwa na viambatisho: picha zenye tarehe, risiti, notisi, hukumu unazozitegemea. Weka namba kwenye kila ukurasa. Tuma kwa mahakama na kwa mdai kabla ya muda, na uweke karatasi ya gharama zako: nauli, maegesho ya siku hiyo, na mshahara uliopoteza, ambao kwa madai madogo una kikomo cha £95 kwa siku.

Ya kwao yakifika, yapekue. Je, picha ya kibao ni ya eneo lako au ni ya maktaba? Mkataba na mwenye ardhi umefichwa kwa wino mweusi sehemu zipi, na umesainiwa na nani? Ramani ya vibao ni ya mwaka gani? Shahidi wao ni mtu aliyewahi kufika pale?

Siku yenyewe

Fika mapema na nakala zako. Chumba ni kidogo, meza moja, jaji bila wigi. Mwite “Judge”. Unaweza kwenda na rafiki au ndugu akuzungumzie hata kama si wakili, mradi na wewe uwepo. Kampuni kwa kawaida hutuma wakili wa siku moja aliyelipata faili jana, na shahidi wao hayupo. Mkumbushe jaji kwa upole kwamba mtu huyo hawezi kuulizwa maswali. Zungumza polepole, taja namba ya ukurasa, usimkatize mtu. Hoja mbili zenye nguvu zinatosha.

Ukishindwa, tegemea kulipa tiketi, pengine ile £70, riba, ada ya kufungua madai ya £35 kwa deni lisilozidi £300, gharama ya wakili ya £50, na ada ya kikao. Kwa tiketi moja jumla hiyo kwa kawaida inaelea kati ya £210 na £300. Ulipe ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na hukumu itafutwa kwenye rejista ya hukumu kana kwamba haikuwepo. Usipolipa inakaa miaka sita, na kila mwenye nyumba, benki na kampuni ya simu ataiona.

Kama hukumu imeshatoka na hukujua

Hili linawapata sana watu wanaohamahama. Umebadilisha anwani ya leseni ukadhani umemaliza, kumbe V5C ni rekodi nyingine, na barua zote zimekwenda nyumba ya zamani. Unagundua siku unapoomba mkopo. Omba hukumu itenguliwe kwa fomu N244. Kuna ada ya kulipa, na wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha wa ada. Fanya haraka, kwa kuwa jaji ataangalia ulichukua muda gani tangu ulipojua. Eleza ulihama lini, ambatanisha mkataba wa nyumba mpya na bili ya Council Tax, na weka rasimu ya utetezi ili ionekane una hoja ya kweli kuhusu tiketi yenyewe. Kama kampuni ilikuwa na dalili kwamba umehama na bado ikatuma hati kule kule, sema hivyo wazi, na uombe iamriwe kukurudishia ada hiyo ya maombi.